Mashine Isiyo na Hisia: Usalama wa Mgonjwa Moyo Wake Unaposimamishwa

Moyo wa mtu mzima hudunda takriban mara laki moja kwa siku, na kwa kila dakika ya mapumziko husukuma kiasi cha lita 5 za damu, yaani karibu damu yote iliyomo mwilini. Daktari mpasuaji anayetaka kuziba tundu katika ukuta wa ndani wa moyo, au kubadilisha vali iliyokakamaa, hawezi kushona kitu kinachodunda na kujaa damu bila kukoma. Hana budi kuusimamisha moyo na kuukausha, ilhali ubongo wa binadamu, katika joto la kawaida, huanza kudhurika baada ya dakika chache tu za kukosa oksijeni. Fundi anataka utulivu, mwili unataka mwendo, na kilichokuja kuyapatanisha matakwa hayo ni mashine ya moyo na mapafu. Huduma ya kuiendesha mashine hiyo huitwa pafusheni, maana yake kuipitisha damu katika viungo vya mwili ili vipate oksijeni na lishe wakati moyo wenyewe umesimama.

Anayeiendesha si daktari mpasuaji wala daktari wa usingizi, bali ni mtaalamu wa pafusheni, ambaye huketi hatua chache kutoka kitanda cha upasuaji na kwa saa nzima, mbili au zaidi hushikilia kazi ambayo viungo viwili vya mwili vimeiacha. Mgonjwa mara nyingi hamjui kwa sura wala kwa jina, na ndugu wanaosubiri nje huuliza habari za mpasuaji tu. Hata hivyo makosa katika kazi yake yana sifa inayoyatofautisha na makosa mengi ya hospitalini, nayo ni kwamba muda wa kuyasahihisha huhesabiwa kwa sekunde. Dawa iliyotolewa kimakosa wodini yaweza kugunduliwa baada ya saa moja na mgonjwa akanusurika, lakini hewa iliyokwisha kuingia katika mrija unaoelekea kwenye ubongo haimpi mtu nafasi ya kushauriana.

Kiini cha tatizo ni kwamba mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu bila kuchukua hisia za mwili uliozoea kuviongoza viungo hivyo. Ndani ya mishipa mikubwa ya shingo na kifua mna vihisio vinavyotambua shinikizo la damu likishuka, na papo hapo mishipa husinyaa na moyo huongeza mwendo. Hewa ukaa ikizidi katika damu, pumzi hupanda bila mtu kuamua. Ngozi ikikatika, damu huganda pale penye jeraha, si penginepo. Pampu haina hata kimoja kati ya vihisio hivyo, na itasukuma hewa kwa utiifu uleule inaosukumia damu. Kwa hiyo historia ya usalama katika pafusheni inaweza kusomwa kama kazi ndefu ya kuirudishia mashine hisia, moja baada ya nyingine, kwa vipimo, kengele, orodha na maneno yanayotamkwa kwa sauti, na sehemu ya mwisho ya kazi hiyo, iliyo ngumu kuliko zote, ni kuzipa hospitali kumbukumbu ya makosa yaliyokwisha kutokea.

Kutoka Philadelphia hadi Muhimbili

Mashine ya kwanza iliyofanikiwa kwa binadamu ni matunda ya daktari Mmarekani John Gibbon, ambaye pamoja na mkewe, Mary, alifanya majaribio kwa wanyama tangu miaka ya 1930, na baadaye akasaidiwa na wahandisi wa kampuni ya IBM. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Gibbon aliziba tundu la moyo wa msichana wa miaka 18, na kwa dakika 26 mashine ndiyo iliyobeba kazi yote ya moyo na mapafu yake. Msichana alipona, lakini wagonjwa waliofuata walifariki, na Gibbon mwenyewe akaiacha kazi hiyo iendelezwe na wengine.

Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Walton Lillehei alijaribu njia isiyohitaji mashine ya namna ile: aliunganisha mishipa ya mtoto mgonjwa na ya mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida mzazi wake, ili moyo na mapafu ya mzazi viwatumikie wote wawili. Kati ya wagonjwa 45 waliopasuliwa hivyo, 28 walitoka hospitalini wakiwa hai, matokeo ambayo kwa wakati ule yalishangaza. Njia hiyo iliachwa kwa kuwa ilihatarisha watu wawili ili kumponya mmoja, lakini inafundisha jambo lisilopaswa kupitwa: mtoto alikuwa ameazima mwili wenye hisia zake zote, ulioweza kurekebisha pumzi, joto na uchachu wa damu bila kuelekezwa na mtu. Mashine ilipokuja kuchukua mahali pa mzazi, marekebisho hayo yote yalipaswa kufanywa na binadamu. Mwaka 1955 John Kirklin wa Mayo Clinic aliitumia mashine ya Gibbon iliyoboreshwa kwa wagonjwa 8 mfululizo, na 4 kati yao wakapona. Nusu iliyopotea ndiyo bei ya ujuzi ambao leo huonekana wa kawaida.

Nchini Tanzania upasuaji wa moyo unaotumia mashine hii ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2008, baada ya miaka mingi ambapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India, na mwaka 2015 huduma hiyo ikapata makao yake katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Wanaohitaji huduma hiyo ni pamoja na watoto waliozaliwa na matundu ya moyo, na vijana ambao vali zao zimeharibiwa na homa ya rumatiki, ugonjwa unaoanza kama maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni na kuishia, miaka mingi baadaye, kwenye vali isiyofunguka au isiyofunga.

Safari ya damu nje ya mwili

Anayetaka kuelewa hatari hana budi kwanza kuifuata damu. Mirija ya plastiki ambayo huitwa kanula huingizwa katika vena kubwa zinazorudisha damu kwenye moyo, na damu hiyo, ambayo imekwisha kutoa oksijeni yake, hushuka kwa uzito wake hadi kwenye tangi la plastiki angavu lililo chini ya usawa wa kitanda. Rangi yake ni ileile ambayo wauza nguo huiita damu ya mzee. Kutoka tangini pampu huisukuma hadi kwenye oksijeneta, chombo chenye nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, ambamo gesi hupita upande mmoja wa utando na damu upande wa pili, hewa ukaa ikitoka na oksijeni ikiingia, kama inavyotokea katika mapafu. Humo pia damu hupashwa au kupozwa kwa maji yanayozunguka katika njia yake ya pembeni, kisha hupita kwenye chujio na kurudi mwilini kupitia aota, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, sasa ikiwa nyekundu ya kung'aa.

Mtaalamu mzoefu huiangalia mirija hiyo miwili, wa damu ya mzee na wa nyekundu, mara nyingi kuliko anavyotambua mwenyewe, kwa sababu siku ambayo mirija yote miwili imefanana rangi, oksijeni haiingii. Huenda bomba la gesi limechomoka, huenda mtungi umekwisha, huenda oksijeneta imeziba. Lakini macho yameona kabla ya kipimo cha maabara kurudi, na chumba hicho huwa na mtungi wa akiba uliokwisha kupimwa asubuhi ileile kwa ajili ya dakika kama hiyo.

Kiasi cha damu ambacho mashine inapaswa kusukuma hukadiriwa kwa eneo la ngozi ya mgonjwa, na kwa kawaida huwa lita 2.2 hadi 2.4 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, hivyo mtu mzima wa wastani huhitaji lita 4 na ushee kila dakika. Hapo ndipo penye hesabu ambayo kila mwanafunzi wa fani hii hufundishwa mapema. Ikiwa tangi lina nusu lita ya damu na pampu inasukuma lita 4.5 kwa dakika, kisha mrija wa kuleta damu ukajikunja ghafla chini ya mkono wa mtu, tangi litakauka katika muda wa takriban sekunde 7. Sekunde ya 8, kama hakuna kilichoizuia pampu, inayosukumwa ni hewa.

Macho ya kuona hewa, kidole cha kupima mgando

Kwa sababu sekunde 7 hazimtoshi mtu aliyegeuka kuandika, mashine za sasa huwekewa tabaka kadhaa za ulinzi dhidi ya hewa. Kihisio hubandikwa ubavuni mwa tangi, na damu ikishuka chini yake kengele hulia na pampu hupunguza mwendo au husimama yenyewe. Kingine, kinachotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika, huubana mrija wa kwenda kwa mgonjwa na kutambua kiputo kinachopita. Chujio lenye vitundu vya takriban maikroni 40, ambavyo ni vyembamba kuliko unywele, huzuia viputo na vipande vidogo. Na valvu ya njia moja huwekwa katika mrija unaonyonya damu kutoka ndani ya moyo, ili kwamba hata mtu akiuweka kinyume kwenye pampu, hewa isirudishwe moyoni. Kila kimoja kati ya vifaa hivi kinaweza kushindwa, na kengele zote zaweza kuzimwa na binadamu aliyechoka kelele zake.

Mwanasaikolojia wa Uingereza James Reason alilieleza jambo hili kwa mfano wa vipande vya jibini yenye matundu vilivyopangwa mfululizo, ambapo ajali hutokea siku matundu yote yanapokaa mstari mmoja. Msomaji wa pwani anaweza kuutazama mfano huo katika paa la makuti: hakuna kuti lisilo na upenyo, na nyumba haivuji kwa sababu kuti moja limelalia upenyo wa jingine. Paa huanza kuvuja siku mwenye nyumba anapochomoa kuti moja akidhani halina kazi, kwa kuwa mvua zilizopita halikuonekana kuzuia chochote.

Hatari ya pili ni damu kuganda, kwa maana damu iguswapo na plastiki huiona kama jeraha. Kinga yake ni heparini, dawa ya kuzuia mgando iliyogunduliwa mwaka 1916 huko Baltimore, ambayo hutolewa kwa kipimo cha uniti 300 hadi 400 kwa kila kilo ya uzito kabla ya mgonjwa kuunganishwa. Kwa miaka mingi kipimo hicho kilitolewa kwa kukisia, hadi tafiti zilizochapishwa mwaka 1975 na Brian Bull na wenzake zilipoonyesha kwamba wagonjwa wawili wenye uzito sawa wanaweza kuitikia kiasi kilekile kwa tofauti kubwa sana. Tangu hapo hakuna hospitali makini inayoridhika kujua kwamba dawa imeingia. Hutaka kujua kwamba imefanya kazi. Damu kidogo hutiwa katika kichupa cha kifaa kinachohesabu sekunde hadi igande, na ambapo kwa mtu asiye na dawa sekunde hizo huwa chini ya 150, mashine haianzi mpaka zipite kiwango kilichowekwa, ambacho katika hospitali nyingi ni 480. Kipimo hurudiwa kila baada ya nusu saa hivi, kwa kuwa dawa huisha nguvu kimyakimya.

Hesabu ya pumzi

Hatari ya tatu haina kishindo na haipigi kengele, na pengine ndiyo sababu ilichelewa kushughulikiwa. Kabla ya kuunganishwa, mirija ya mashine hujazwa maji ya chumvi ili kuondoa hewa, na kwa mtu mzima maji hayo hufikia lita moja au zaidi, ambayo huchanganyika na damu na kuipunguza nguvu. Mgonjwa aliyekuja na upungufu wa damu anaweza kujikuta na damu nyepesi mno, ingawa mtiririko unaosomeka kwenye mashine ni uleule wa kawaida. Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu isiyozidi mililita 300 hivi mwili mzima, na kwake mashine hulazimika kujazwa damu iliyochangwa, la sivyo mirija ingebeba maji mengi kuliko damu aliyo nayo.

Tafiti za Marco Ranucci na wenzake nchini Italia, kuanzia mwaka 2005, zilionyesha kwamba kinacholinda figo si mtiririko peke yake wala wingi wa damu peke yake, bali ni zao la vyote viwili, yaani kiasi halisi cha oksijeni kinachofika kwenye viungo kila dakika. Hesabu yake si ngumu, kwani kila gramu ya himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mgonjwa mwenye himoglobini ya gramu 10 kwa desilita, mashine ikisukuma lita 2.4 kwa kila mita ya mraba, hupata oksijeni takriban mililita 322 kwa dakika kwa kila mita ya mraba; himoglobini ikishuka hadi 7 kwa mtiririko uleule, hupata 225 tu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018 katika hospitali za nchi kadhaa yaliweka shabaha ya kutoshuka chini ya 280, na waliolindwa hivyo walipungukiwa na madhara ya awali ya figo. Kwa mgonjwa wa mfano huu, kuufikisha mtiririko lita 3 badala ya 2.4 kungetosha kuvuka mstari huo bila kumwongezea damu ya mtu mwingine. Hakuna kifaa kipya kinachohitajika ili kufanya hesabu hiyo. Kinachohitajika ni mtu aliyefundishwa kuifanya, na jedwali lililobandikwa mahali anapoweza kuliona.

Joto nalo lina hesabu yake. Mwili ukipozwa kwa nyuzi 10 mahitaji yake ya oksijeni hushuka kwa karibu nusu, na kwa hiyo kupoza ni ngao. Madhara huja wakati wa kurudisha joto kwa haraka, ambapo ubongo, ulio karibu na damu inayotoka mashineni, hupata moto kabla ya kipimo kilichowekwa kwingine mwilini kuonyesha hivyo. Ndiyo maana miongozo ya Marekani ya mwaka 2015 inataka damu inayoingia mwilini isizidi nyuzi 37 za Selsiasi. Maji yanayotumika kupasha na kupoza, ingawa hayagusi damu kamwe, yaliwahi kuleta balaa lisilotarajiwa: muongo uliopita madaktari wa Uswisi waligundua wagonjwa walioambukizwa bakteria aitwaye Mycobacterium chimaera, ambaye hukua polepole kiasi kwamba dalili zaweza kujitokeza miaka kadhaa baada ya upasuaji. Uchunguzi ulifuata nyayo hadi kwenye matangi ya maji, ambayo feni zake zilikuwa zikipeperusha mvuke wenye bakteria hadi juu ya kifua kilicho wazi. Tangu hapo kusafisha matangi hayo kwa ratiba na kugeuza feni zake mbali na kitanda kumekuwa sehemu ya usalama wa moyo.

Maneno yanayotamkwa

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu orodha ya ukaguzi wa upasuaji, uliochapishwa mwaka 2009, ulifanyika katika hospitali 8 za mabara mbalimbali, na mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania. Orodha hiyo si dawa wala mtambo. Ni karatasi yenye maswali ambayo watu wanaojuana huulizana kwa sauti kabla ya kumlaza mgonjwa, kabla ya kukata na kabla ya kutoka, kama vile jina la mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, damu ipo. Baada ya kuanza kuitumia, vifo katika hospitali hizo kwa ujumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Upasuaji uliochunguzwa haukuwa wa moyo, lakini funzo lake ndilo ambalo wataalamu wa pafusheni walikwisha kulifanyia kazi katika orodha zao wenyewe, ambazo hukagua betri, gesi, mwelekeo wa pampu, kengele na vibanio kabla ya damu ya mgonjwa kugusa plastiki.

Orodha husomwa na kujibiwa, kwa sababu jicho linalokagua peke yake huona linachotarajia kuona. Kwa namna hiyohiyo maagizo ya chumbani hurudiwa na anayeyapokea. Daktari wa usingizi akisema kwamba heparini imeingia, mwendesha mashine hurudia kwamba heparini imeingia na kutaja saa. Mpasuaji akisema apunguziwe mtiririko, hujibiwa kwa kutajiwa kiwango kilichofikiwa, ili ajue si kwamba amesikika tu bali kwamba jambo limefanyika. Mgeni anayeingia humo anaweza kudhani wanakariri kama watoto wa chuoni, na kwa kweli ndivyo walivyo, kwani maneno yaliyozoeleka ndiyo yanayotoka mdomoni mwa mtu aliyeshtuka.

Adui wa utaratibu huu ni shughuli za pembeni. Dodoso lililofanywa Marekani mwaka 2010 lilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wataalamu wa pafusheni waliojibu walikiri kuwahi kutumia simu ya mkononi wakati mashine inaendesha uhai wa mgonjwa, ingawa wengi wao hao hao waliona kwamba jambo hilo ni la hatari. Marubani wana kanuni ya kukataza mazungumzo yasiyo ya kazi ndege inaporuka na kutua. Chumba cha upasuaji wa moyo kina nyakati zake za kuruka na kutua, ambazo ni kuingia kwenye mashine na kutoka, na hospitali kadhaa zimezifanya nyakati hizo kuwa za ukimya.

Umeme, selimundu na mengine ya nyumbani

Miongozo mingi ya fani hii iliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo umeme haukatiki na vifaa huagizwa leo vikafika kesho. Afrika Mashariki hulazimika kuyapa uzito mambo ambayo kwingine hutajwa kwa sentensi moja. Mashine huwa na betri yake, na hospitali huwa na jenereta, lakini wa mwisho katika safu hiyo ni mkono wa chuma unaochomekwa kwenye pampu na kuzungushwa na binadamu. Kuuzungusha kinyume ni kunyonya damu kutoka mwilini mwa mgonjwa, na ndiyo sababu mshale wa mwelekeo huchorwa juu ya pampu, na ndiyo sababu pia mtu anapaswa kuwa amekwisha kuuzungusha kwa mazoezi, akiwa na maji mirijani, kabla ya usiku anaouhitaji kweli. Vivyo hivyo kubadilisha oksijeneta iliyoziba ni kazi inayopaswa kumalizika katika dakika chache, na mtu hawezi kujifunza kuifanya juu ya mgonjwa.

Ugonjwa wa selimundu, ambao hurithiwa na umeenea katika ukanda huu, ni mfano wa jambo linalohitaji ujuzi wa mahali. Chembe nyekundu za mwenye ugonjwa huo hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo pale zinapokosa oksijeni, zinapopata baridi au damu inapokuwa na uchachu, na mashine ya moyo na mapafu yaweza kuleta mambo hayo matatu kwa pamoja. Mgonjwa wa aina hiyo hupimwa mapema, huendeshwa bila kupozwa sana, na mara nyingi sehemu ya damu yake hubadilishwa kwa damu ya wachangiaji kabla au wakati wa kuanza. Hivyo usalama wake umeanzia mbali na chumba cha upasuaji, katika maabara iliyopima na katika benki ya damu iliyopata mchangiaji.

Vifaa vya matumizi ya mara moja navyo huagizwa kutoka nje, na huduma inayotegemea misaada ya watu wengi hupokea mirija na viunganishi vya kampuni mbalimbali. Kila aina mpya hulazimu mikono iliyozoea kufikiri upya, na kufikiri upya katikati ya dharura ni hatari kamili. Kuamua kutumia aina moja kila inapowezekana, na kuizoesha timu kabla ya kuibadilisha, ni hatua ya usalama isiyogharimu mtambo wowote.

Kumbukumbu

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu hospitali za Marekani ulikadiria kwamba tukio lisilotarajiwa la pafusheni hutokea mara moja katika kila upasuaji 138, na kwamba madhara makubwa au kifo kilichosababishwa nalo hutokea mara moja katika kila 1,453. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo yenye thamani kuliko tarakimu zenyewe, kwa kuwa inaonyesha kwamba kwa kila tukio lililodhuru kuna takriban 10 kwa jumla, na mengi kati yake ni nusura: kosa lilianza, mtu au kengele ikalizuia, mgonjwa akaenda nyumbani bila kujua. Nusura hizo ni shule isiyo na ada, lakini hufungwa siku ileile ikiwa aliyeshuhudia anaogopa kusema.

Uingereza ililipia somo hilo kwa uchungu. Tume iliyoongozwa na Ian Kennedy, ambayo ripoti yake kuhusu upasuaji wa moyo wa watoto mjini Bristol ilitolewa mwaka 2001, ilikuta kwamba dalili za matokeo mabaya zilikuwepo kwa miaka, na daktari wa usingizi alikwisha kutahadharisha, lakini mazingira ya kazi hayakuwa na mahali pa tahadhari hiyo kupokelewa. Huko Australia na New Zealand chuo cha wataalamu wa pafusheni kimejenga mahali pa aina hiyo kwa makusudi: mfumo wa hiari na wa siri, ambamo mtaalamu huandika kilichotokea, kilichosaidia na kilichokwamisha, kisha wenzake husoma bila kujua ni nani wala ni hospitali gani.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo inamfaa mtu mmoja mwenye kumbukumbu moja; hospitalini anayerudia kosa kwa kawaida si yule aliyelifanya, bali ni mwenzake wa zamu nyingine, au wa mji mwingine, ambaye hakuambiwa. Nchi za Afrika Mashariki, ambazo vituo vyake vya upasuaji wa moyo ni vichache na wataalamu wake wengi wanafahamiana, zina ugumu wa kuficha majina, lakini pia zina wepesi ambao nchi kubwa hazina, kwa sababu daftari moja la pamoja la nusura linaweza kusomwa na karibu kila anayehusika.

Upasuaji ukiisha, moyo ukaanza kudunda wenyewe na mapafu yakapokea hewa, daktari wa usingizi hutangaza kwa sauti kwamba protamini, dawa ya kuivunja nguvu heparini, inaanza kuingia, na mwendesha mashine hujibu kwamba minyonyo imefungwa, ili dawa hiyo isirudi tangini na kuigandisha damu iliyobaki. Kazi yake ingeweza kuhesabiwa kuwa imekwisha. Lakini utaratibu unamtaka asikate mirija wala asimwage kilichomo. Mashine hubaki imejaa, bila hewa, pembeni ya kitanda, huku kifua kikifungwa kwa waya na ngozi ikishonwa, kwa kuwa moyo uliotoka kuamka unaweza kuhitaji kupumzika tena kwa dharura. Kwa wagonjwa walio wengi mashine hiyo iliyosubiri haiitwi tena, na kusubiri bure kwa namna hiyo ni sehemu ya kazi.